Makro ya Word inaniambia aya hii si aya hii

Maalim_Wete

Assalam aleikum. Naomba msaada wa makro ya Word, yaani kile kijiprogramu cha kuiamrisha Word ifanye kazi yenyewe. Nimekwama pahala ambapo hata kuuliza sijui niulize vipi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Wete. Nakusanya majina ya samaki kama wavuvi wa huku Pemba wanavyoyataja: Kojani, Tumbe, Wesha na Wete yenyewe. Waraka ni mmoja, mrefu. Kila samaki ana aya yake: jina, nukta mbili, halafu maelezo, yaani anakaa mwambani au kwenye majani, anavuliwa kwa dema au kwa mshipi, anapatikana bamvua au maji mafu. Chini kuna tanbihi inayosema jina nimelisikia wapi. Kwa vile naongeza kila ninaporudi pwani, samaki mmoja huweza kuingia zaidi ya mara moja. Changu yumo pahala kadhaa. Tasi yumo na chafi yumo, na hao nimewaacha makusudi kwa sababu wavuvi wenyewe hawajakubaliana.

Nataka makro ipite, na ikikuta jina lililokwisha kutokea juu, ipake njano aya ya baadaye. Ile ya kwanza iachwe kama ilivyo. Nilianza na changu peke yake. Changu wa kwanza yuko aya ya 12.

```
Set kwanza = ActiveDocument.Paragraphs(12).Range
For Each p In ActiveDocument.Paragraphs
  If Jina(p) = "Changu" Then
    If Not p.Range Is kwanza Then
      p.Range.HighlightColorIndex = wdYellow
    End If
  End If
Next
```

Inawapaka wote, hata wa aya ya 12. Nikaenda kwenye lile dirisha la kujaribia mstari mmoja mmoja, nikaandika:

```
? ActiveDocument.Paragraphs(12).Range Is ActiveDocument.Paragraphs(12).Range
False
```

Aya ya 12 si aya ya 12! Nikaona labda `Is` si mahala pake, nikaweka alama ya `=`. Hapo ikanipa True, nikafurahi. Kumbe inatoa True hata kwa aya mbili zilizo mbalimbali kabisa, mradi zote zimeandikwa "Tazama: changu."

Kijana mmoja hapa mjini kaniambia nitumie Dictionary, ile orodha ya makro inayokumbuka vitu kwa ufunguo. Nimetumia. `d.Exists(p.Range)` haijapata kunijibu ndiyo hata kwa samaki mmoja.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonichosha. Juu ya waraka palikuwa na jedwali la bamvua. Nililishika kwenye kigeu (jina la kushikia kitu ndani ya makro), makro ikalifuta, halafu mbele nikauliza lilikuwa na safu ngapi. Nikapata kosa 5825, eti objekti imefutwa. Sawa, imefutwa. Lakini nikiuliza `jedwali Is Nothing` najibiwa False. Limefutwa na bado lipo? Liko wapi?

---

Bi_Mkunazini

Waalaikum salaam Maalim, shikamoo. Swali umeliuliza sawasawa, usijitilie shaka. Word haikudanganyi, inajibu swali jengine na lile unalodhani umeliuliza.

`Is` haiulizi kama hii ni aya ile ile. Inauliza kama pande mbili hizo zimeshika objekti moja, yaani kitu kimoja, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Na kila unapoandika `.Range`, Word inakutengenezea objekti mpya papo hapo, hata kama pahala inapoelekeza ni pale pale. Katika ule mstari wako umeandika `.Range` mara mbili, basi umepewa mbili. Zote zinaelekeza aya ya 12, zenyewe ni mbili. Jaribu hivi:

```
Set a = ActiveDocument.Paragraphs(12).Range
Set b = a
? a Is b
True
Set b = a.Duplicate
? a Is b
False
```

Kwa `Set b = a` hukuomba kitu kipya, umeipa objekti ile ile jina la pili. Ukisogeza mwanzo wa `a`, `b` nayo imeshasogea. Watu wengi huja kwangu wakilalamika kwamba "nakala" waliyoiweka imebadilika yenyewe, na nikitazama naona hawakuweka nakala. Nakala ni `Duplicate`.

Utauliza kwa nini Word isiweke objekti moja kwa kila aya, ikaturudishia hiyo hiyo siku zote. Kwa sababu maandishi ya Word ni herufi zilizopangwa mfululizo, na aya ni kipande tu cha mfululizo huo kinachoishia kwenye herufi nambari 13, ile unayoiona kama ¶ ukiwasha alama. Sasa ifute ¶ iliyo baina ya changu na chewa. Zimebaki aya moja. Ipi imekufa, ya changu au ya chewa? Huwezi kusema, na Word nayo haisemi. Ndiyo maana Range haikuja na utambulisho wa aya. Imekuja na mwanzo, mwisho, na sehemu ya waraka iliyomo. Basi.

Kwa hivyo acha kuuliza "ni ile ile?", uliza "ni pale pale?":

```
? a.IsEqual(ActiveDocument.Paragraphs(12).Range)
True
```

`IsEqual` inalinganisha mambo hayo matatu niliyoyataja. La tatu usilidharau, maana wewe una tanbihi. Tanbihi zina mfululizo wao mbali na matini kuu, na kila mfululizo unahesabu kuanzia 0. Herufi ya 0 ya matini na herufi ya 0 ya tanbihi ni pahala pawili, lakini anayelinganisha `a.Start = b.Start` peke yake ataambiwa ni pamoja. Na ukitaka kujua kama neno limo ndani ya aya fulani, tumia `InRange`.

Alama ya `=` ni balaa la aina yake. Ukiiweka baina ya Range mbili, VBA, lugha ya makro hizi, inachukua sifa ya msingi ya kila moja, nayo ni Text, halafu inalinganisha maneno. "Tazama: changu." mbili ni sawa kwa maneno, basi True. Dictionary nayo inakwenda kinyume: ukiiandikia `d.Exists(p.Range)` haichukui maneno, inachukua objekti yenyewe kuwa ufunguo. Objekti ni mpya kila duru, kwa hivyo haitaikuta abadan. Ipe maandishi.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi. Kazi yako hii haihitaji kulinganisha aya na aya hata kidogo. `For Each` inapita kila aya mara moja tu. Ukilikuta jina halijaandikwa, liandike. Ukilikuta limeshaandikwa, paka rangi.

```
Set d = CreateObject("Scripting.Dictionary")
d.CompareMode = vbTextCompare
For Each p In ActiveDocument.Paragraphs
  If InStr(p.Range.Text, ":") > 0 Then
    jina = Trim(Split(p.Range.Text, ":")(0))
    If d.Exists(jina) Then
      p.Range.HighlightColorIndex = wdYellow
    Else
      d.Add jina, p.Range
    End If
  End If
Next
```

Ule mstari wa `CompareMode` ni ili "Changu" na "changu" wahesabiwe mmoja. Lazima uje kabla hujatia kitu chochote ndani ya Dictionary.

Kuhusu jedwali: `Nothing` maana yake kigeu hakijashika kitu. Chako kimeshika, ila kilichoshikwa hakimo tena kwenye waraka. Kufuta jedwali hakukifikii kigeu. Word ina swali lake maalumu kwa hali hii, na sijui kwa nini watu hawalijui:

```
? IsObjectValid(jedwali)
False
```

Inajibu bila ya kurusha 5825. Range tabia yake ni nyengine. Ukifuta maneno yote ya Range, yenyewe haifi, inabanika: mwanzo na mwisho vinakuwa nambari moja na Text inakuwa tupu. Kwa hivyo Range ulizie `a.Start = a.End`, jedwali ulizie `IsObjectValid`.

---

Fundi_Chake

Mnazunguka mno. Dawa ni moja: mwisho wa kila makro andika `Set x = Nothing` kwa kila kigeu. Mimi nafanya hivyo tangu Word 97 na sijapata tabu. Na kama mtu anataka kujua objekti mbili ni moja, kuna `ObjPtr`, inakupa anwani yake kwenye kumbukumbu. Linganisha nambari, umemaliza.

---

Bi_Mkunazini

Kaka, hiyo ya `Nothing` haina madhara ila haitibu maradhi haya. Objekti hizi zinaishi kwa hesabu ya wanaozishika. Kila kigeu kikishika, hesabu inapanda; kikiachia, inashuka; ikifika 0 objekti inaondoka. Objekti, si jedwali! Jedwali linabaki kwenye waraka kama lilivyo. `Set jedwali = Nothing` ni kuachia mkono tu. Na kwa vigeu vya ndani ya makro, VBA yenyewe inaachia ikifika `End Sub`, uandike usiandike.

Pahala ambapo kuachia kuna maana ni vigeu vilivyotangazwa juu kabisa ya moduli, maana hivyo vinabaki vimeshika baada ya makro kumalizika, na pale mtu anapoiendesha Word kutoka Excel. Hapo nimeona mengi. Mtu amefunga kila kitu, ukifungua Task Manager unaikuta WINWORD.EXE imekaa haina dirisha, na faili likifunguliwa linasema liko mikononi mwa mtumiaji mwengine. Mara nyingi sababu si `Nothing` iliyosahaulika. Makro ilisimama kwa kosa katikati, haikufika kwenye `Quit`. Au mtu kaandika `ActiveDocument` tupu ndani ya Excel badala ya kupitia kigeu chake cha Word. Hapo VBA inamshikia Word kwa siri, kwenye kigeu asichokiona na asichoweza kukiachia, na akiendesha mara ya pili anapata kosa 462. Hilo hata `Nothing` mia hazilitatui.

`ObjPtr` namwachia mwengine, mie nina tasnifu ya mtu hapa inataka kutoka leo.

---

Tunguu_Kodi

Nimalizie ya `ObjPtr`. Anwani ni kweli tu maadamu objekti bado imeshikwa. Ukiandika

```
? ObjPtr(ActiveDocument.Paragraphs(12).Range)
? ObjPtr(ActiveDocument.Paragraphs(13).Range)
```

hakuna kigeu kilichoishika ile ya kwanza, kwa hivyo inaondoka mara mstari ukimalizika, na ya pili inaweza kuwekwa kwenye nafasi ile ile. Unaweza kupata nambari moja kwa aya mbili. Na tumeona kuwa aya moja inaweza kupata nambari mbili. Kwa hivyo kwa kazi hii ya Maalim nambari hiyo haithibitishi lolote kwa upande wowote. Inafaa kwa kuchungulia tu.

Naongeza kwa wanaotumia LibreOffice, maana skuli nyingi na watu binafsi wanaitumia kwa kuwa ni bure. Tatizo lipo kule kule, majina ndiyo yanabadilika. Ukiomba `createTextCursor` mara mbili unapewa cursor mbili (vishale vya kuelekeza pahala), hata kama zimesimama herufi moja. Basic yake ina `EqualUnoObjects(a, b)`, ambayo kazi yake ni ile ya `Is`: ni objekti moja au la? Ukitaka kujua kama ni pahala pamoja, unauliza matini yenyewe:

```
oText.compareRegionStarts(a, b)
```

0 ni kwamba zinaanza pamoja, 1 ni `a` iko kabla ya `b`, -1 ni `a` iko baada. Kuna mwenzake wa kulinganisha miisho, `compareRegionEnds`, na bila ya huyo hujalinganisha nusu ya pili. Ukiipa Range moja ya matini kuu na moja ya tanbihi haikujibu 0 wala 1, inakataa kwa kosa, na mimi naona hivyo ni bora kuliko kunyamaza. Na jedwali lililofutwa ukiligusa unapata kosa, ndiyo 5825 ya kule.

---

Maalim_Wete

Mwanangu wa Mkunazini, Mungu akuzidishie. Na wewe kijana wa Tunguu, na Fundi pia.

Makro imefanya kazi. Ila "Tazama" sasa ni samaki. Kaingizwa kwenye Dictionary mara ya kwanza, na kila "Tazama:" iliyofuata imepakwa njano. Nimeongeza sharti `jina <> "Tazama"`, ametoka.

Nimekwama pengine pawili. Kwanza, nilitaka kuzifuta zile za njano nilizokwisha kuzisoma. Nimeandika `For Each p`, kama ni njano `p.Range.Delete`. Pale penye njano mbili zinazofuatana, moja inabaki. Nikiendesha tena inaondoka.

Pili, kuna aya nataka nizirudie nikienda Kojani, nimuulize mtu. Nimeandika nambari zake kwenye daftari: 41, 77 na kuendelea. Baada ya kufuta, 41 siyo tena kolekole, ni kitu chengine. Nikajaribu kuweka `Start` ya kila aya badala ya nambari ya aya, nayo imepotea vile vile. Nishike nini ambacho hakitaponyoka?

---

Bi_Mkunazini

Maalim, kabla ya hayo mawili, umezifuta hizo aya kwenye nakala au kwenye waraka wenyewe? Nauliza kwa sababu ya tanbihi. Alama ya tanbihi iliyomo ndani ya aya ikifutwa, tanbihi yake inakwenda nayo na zilizobaki zinajipanga nambari upya. Changu wa pili anaweza kuwa hana jipya kwenye maelezo, lakini tanbihi yake inasema "Tumbe" na ya wa kwanza inasema "Wesha". Kwa kazi kama yako hiyo ndiyo mali yenyewe. Mimi nisingefuta mpaka nimehamisha tanbihi kwenye aya inayobaki. `Range.FormattedText` inachukua maneno pamoja na tanbihi zake, `Range.Text` inachukua maneno matupu, tanbihi imekwenda.

Haya, kufuta. Unapofuta ndani ya `For Each`, iliyokuwa ya 13 inakuwa ya 12, na mzunguko unaendelea mbele kama kwamba hiyo ameshaiona. Anza mwisho urudi mwanzo:

```
For i = ActiveDocument.Paragraphs.Count To 1 Step -1
  Set r = ActiveDocument.Paragraphs(i).Range
  If r.HighlightColorIndex = wdYellow Then r.Delete
Next
```

Ukifuta ya 77, za kabla yake hazibadiliki nambari, na ndizo zilizobaki kutembelewa. Itakwenda polepole kwenye waraka mrefu, maana kwa kila `Paragraphs(i)` Word inazitafuta aya hizo upya. Kunywa chai. Aya ambayo njano imepita nusu yake tu haitafutwa, kwa sababu rangi ikichanganyika Word inatoa nambari nyengine kabisa badala ya wdYellow. Hilo liache lilivyo, ni kinga yako.

Sasa la daftari. Nambari ya aya ni sawa na kumwambia mtu achume mkarafuu wa tatu kutoka barazani. Ukikatwa wa kwanza, wa tatu ni mwengine, na mtu wako atachuma wa jirani bila ya kujua. Ukitaka mti ule ule, utie alama kwenye gome lake. Na katika Word alama ya kwenye gome ni alamisho (bookmark).

Range iliyomo kwenye kigeu pia inasogea na maandishi yake. Ukiingiza mistari kumi juu yake, mwanzo wake unasogezwa wenyewe, hili Word inalifanya vizuri. Kilichokuponyoka wewe ni kwamba hukushika Range, ulishika nambari iliyotolewa kwenye Range, na nambari ikishatoka haina anayeisogeza. Lakini Range inaishi maadamu makro au moduli inaishi. Ukifunga waraka imekwisha. Alamisho linahifadhiwa ndani ya faili, utalikuta kesho.

```
Set r = ActiveDocument.Paragraphs(41).Range
r.End = r.Start + InStr(r.Text, ":") - 1
ActiveDocument.Bookmarks.Add "_smk_kolekole", r
```

Mstari wa pili unaifupisha Range ibaki juu ya jina tu, bila ya nukta mbili, maelezo wala ¶. Nitakwambia sababu. Jina la alamisho lisizidi herufi 40 na lisiwe na nafasi. Likianza na mstari wa chini linakuwa la siri, halionekani kwenye orodha ya kawaida, na kwa mtu anayeandika kitabu mimi napenda hivyo. Kulirudia:

```
ActiveDocument.Bookmarks("_smk_kolekole").Select
```

Sababu ya kulifupisha ni hii: ukiandika maneno mapya moja kwa moja kwenye Range ya alamisho, `.Range.Text = "..."`, maneno yanaingia na alamisho linafutika. Kama limezunguka aya nzima, kila utakaposahihisha maelezo kwa makro utalipoteza, na tanbihi iliyomo ndani itapotea pamoja nalo. Likiwa juu ya jina tu, maelezo yahariri utakavyo. Na siku utakapobadilisha jina lenyewe, liweke tena:

```
Set r = ActiveDocument.Bookmarks("_smk_kolekole").Range
r.Text = "Kolekole mweusi"
ActiveDocument.Bookmarks.Add "_smk_kolekole", r
```

Inafanya kazi kwa sababu `r` baada ya kuandikwa inakaa juu ya maneno mapya. Alamisho linakufa, Range inabaki.

Ukikata aya nzima na kuibandika kwengine ndani ya waraka huo huo, alamisho linahama nayo. Ukinakili na kubandika, linabaki kwa ile ya asili na nakala inakuwa haina. Kwako hilo ni faida: daima utajua ipi ni ya asili. Ila ukinakili kwenda waraka mwengine, alamisho linakwenda na huko, halafu una mbili zenye jina moja kwenye mafaili mawili.

---

Fundi_Chake

Kwani content control, kile kisanduku cha kutilia maneno, haifai? Ile ina ID yake, Word inaitoa yenyewe na inahifadhiwa kwenye faili.

---

Bi_Mkunazini

Inafaa, na kwa fomu za ofisi ndiyo bora: ID haibadiliki ukibadilisha maneno yaliyomo, na kisanduku kikinakiliwa nakala inapewa ID nyengine. Lakini Maalim anaandika matini ya kusomwa. Visanduku mia ndani ya matini ni usumbufu, mshale unanasa kila pahala, na mtu wa pili akilifungua faili atavifuta bila ya kujua ni nini. Kwake yeye ningebaki na alamisho.

---

Maalim_Wete

Nilifuta kwenye nakala, alhamdulillah. Nimerudi kwenye waraka wa asili na nahamisha tanbihi kwanza, moja moja, kwa mkono. Nimeona changu mmoja ana tanbihi tatu za pahala patatu, jambo ambalo katika ule mparaganyo nilikuwa silioni.

Maalamisho nimeyaweka. Swali dogo: nikimaliza, faili litakwenda kwa mpiga chapa. Haya ya siri yatamletea tabu? Na nitayaondoaje yote kwa pamoja, maana nikiyahesabu kwa `Bookmarks.Count` naambiwa hakuna hata moja.

---

Bi_Mkunazini

Kwenye karatasi hayatoki. Hesabu inasema hakuna kwa sababu ya siri hayahesabiwi mpaka uyafunue kwa `ShowHidden`. Ukiyafunua utashangaa, utakuta na mengine usiyoyaweka wewe: yanayoanza na `_Toc` ni ya yaliyomo, yanayoanza na `_Ref` ni ya marejeo ya ndani. Hayo usiyaguse, ukiyafuta kurasa za yaliyomo zitakuja na ujumbe wa kosa badala ya nambari. Toa yako tu, na rudi nyuma kama kwenye aya:

```
With ActiveDocument.Bookmarks
  .ShowHidden = True
  For i = .Count To 1 Step -1
    If .Item(i).Name Like "_smk_*" Then .Item(i).Delete
  Next
  .ShowHidden = False
End With
```

Fanya hivyo kwenye nakala ya mpiga chapa, si kwenye yako. Yako bado ina safari ya Kojani.